Mtu Aliyeokoa Nyumba ya Fortunée

Adeline hakuwa mtu mbaya. Mtu yeyote wa avenyu yao, kule komini ya Tshopo mjini Kisangani, angekuambia kwamba ni mama wa kazi, anayeamka kabla ya jogoo, asiyemnyima jirani chumvi. Lakini alikuwa na wivu, na wivu wake haukutangatanga ovyo. Ulikuwa na anwani moja tu, ng'ambo ya ukuta: kwa Fortunée.

Fortunée alikuwa mke wa Liévin, na Liévin alikuwa mdogo wake Mbusa, mume wa Adeline. Ndugu hao wawili walitoka Butembo wangali vijana, wakaja Kisangani na magunia ya maharagwe na vitunguu, wakafungua depo moja, ghala la kuuzia, karibu na soko. Mbusa alikaa depo, Liévin alisafiri na malori. Biashara iliposhika njia walinunua kiwanja kimoja kikubwa, wakakigawa kwa ukuta mfupi wa matofali, kila mmoja akajenga upande wake. Kila mmoja alichukua mkopo katika koperative ileile ya kuweka na kukopa, na kila nyumba ikawekwa kuwa dhamana ya mkopo wake. Hati zote mbili zililala kwenye kabati la koperative zikingoja deni liishe.

Kwa hiyo nyumba zile zilianza sawasawa, kama mapacha. Hilo ndilo lililomuuma Adeline kuliko yote. Nyumba ya Fortunée ilipigwa lipu mapema, madirisha yakatiwa vioo. Ya kwake ilibaki matofali matupu upande wa jikoni, na mvua ikinyesha kwa upepo maji yalipenya mpaka kwenye mifuko ya mchele. Na kumbe ni Adeline aliyempokea Fortunée alipoletwa kutoka Butembo, msichana mwembamba asiyejua hata neno moja la Lingala la kununulia samaki. Ni Adeline aliyemfundisha kutwanga pondu, majani ya muhogo, kama wenyeji wanavyoipenda, akamwonyesha nani sokoni anapima kwa haki na nani anabonyeza kikombe kwa kidole gumba. Miaka ikapita, na sasa watu wageni walikuwa wakimuuliza Adeline, "Ah, weye njo yaya wa Fortunée?" Yaani dada yake mkubwa. Walimtambulisha kwa jina la mdogo, kana kwamba yeye ndiye aliyekuja nyuma. Mama mkwe naye alipokuja kuwatembelea, alisalimia kwa Adeline na akalala kwa Fortunée, kwa sababu kule kulikuwa na feni.

Kisha barabara ikaharibika. Kule mbele ya Nia-Nia, kwenye njia ya Butembo, malori yalikwama kwa matope, na yaliyotoka kwenye matope yaliogopa watu wenye silaha. Liévin alikaa njiani juma baada ya juma, akilinda mzigo uliokuwa ukioza chini ya turubai. Depo ikabaki na harufu ya vitunguu bila vitunguu vyenyewe. Mwezi wa kwanza Adeline na Mbusa walishindwa kulipa koperative. Mwezi uliofuata wakashindwa tena, na simu zikaanza.

Adeline alijua namba ile kwa moyo. Ilipoita, aliifunika simu kwa kitambaa cha jikoni mpaka inyamaze. Usingizi wake ukawa mwepesi. Alipofagia uani alikuwa akiuangalia mlango wa nyumba yake kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akijiuliza kama atapona au hatapona.

Ng'ambo ya ukuta, Fortunée alikuwa anaimba.

Mwanzoni Adeline alidhani ni kiburi. Mume yuko njiani, biashara ni ileile moja iliyolala, deni ni la koperative ileile moja, na mtu anaimba? Kisha akaona geti la Fortunée limepakwa rangi ya kijani, nzito, inayong'aa. Kisha pikipiki ya mizigo ikaleta viti vya sebuleni, vya kitambaa cha maua, bado vimefungwa nailoni. Wabebaji walivipitisha juu ya vichwa vyao mbele ya jikoni ya Adeline, na Adeline akasimama na mwiko mkononi mpaka mboga ikaungua.

Mbusa alikuja kula, akasikia harufu ya kuungua, akala hivyo hivyo. Alikuwa mtu mpole asiyejua kuchagua maneno. Alipomaliza kula akasema, "Mama Élie, ona vile Fortunée anapigana. Bwana yake iko kwenye matope, lakini yeye iko anasimamisha nyumba."

Élie alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akisoma Butembo, na Mbusa hakumwita mkewe kwa jina lingine. Siku hiyo Adeline alitamani amwite kwa jina lolote, mradi asitaje la Fortunée.

"Anasimamisha na nini?" akauliza.

"Hilo sijui. Muulize."

Akamuuliza. Alijilazimisha, maana kumwomba Fortunée kitu ilikuwa kama kumeza mfupa. Alimkuta amekaa kwenye kimojawapo cha vile viti, nailoni haijatolewa.

"Fortunée, weye koperative hawakupigii simu?"

"Wananipigia, yaya. Lakini sijibu tena." Fortunée akacheka kidogo, akapunguza sauti. "Iko mutu moja ananisaidia. Maître, mutu wa sheria. Njo anazungumuza nao sasa. Nyumba yangu ilishaokoka. Namulipa yeye kidogo, inayobaki njo nilinunua viti."

"Maître gani?"

Fortunée akaanza kulainisha nailoni kwa kiganja. "Alinikataza kusema, yaya. Anasema akisaidia watu bengi, koperative itakasirika."

Adeline alirudi kwake akiwa na uchungu mdomoni. Mtu aliyefundishwa naye kutwanga pondu sasa anamficha dawa. Alijua kabisa jinsi mambo yangekwenda: koperative ingemtoa yeye nje na vyungu vyake, na Fortunée angesimama kwenye geti la kijani akisema pole yaya, pole sana. Picha hiyo ilimfuata sokoni, ikamfuata misani. Hakuogopa tena kupoteza nyumba peke yake. Aliogopa kuipoteza huku ya Fortunée imesimama.

Ikawa kazi yake kumvizia huyo maître. Haikuwa kazi ngumu. Alikuja mwanzo wa mwezi, mchana kweupe, amepanda pikipiki safi, mtu wa makamo mwenye shati jeupe na begi la ngozi, na alipotoka kwa Fortunée alimkuta Adeline amesimama getini kwake na tabasamu alilolitengeneza tangu asubuhi.

"Maître, njua iko kali. Ingia ukunywe maji."

Maji yakawa chakula. Adeline alimwandalia wali, pondu na samaki mbichi aliyenunuliwa asubuhi kwa wavuvi wa maporomoko, samaki ambaye Mbusa mwenyewe hakuwa ameonja mwezi mzima. Maître Gédéon, ndivyo alivyojitaja, alikula taratibu na kusifu kila kitu. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu asiye na haraka. Hakumuuliza Adeline kuhusu deni. Alingoja Adeline aseme mwenyewe, na Adeline akasema yote.

"Maman," akasema Gédéon, akipangusa vidole, "koperative iko sawa simba. Ukimwangalia macho, anaruka. Usijibu simu yao. Usiende kule. Ukienda, utaharibu kazi yangu. Acha miye njo nizungumuze naye."

"Na miye nifanye nini?"

"Kidogo tu. Mbele ya kuanza, frais ya dossier, feza ya kufungua faili. Kisha kila mwezi makuta ya deni utaniletea miye, siyo wao, na itakuwa kidogo kuliko ile ya sasa. Alors, utasaini karatasi moja ya kuniuzia nyumba. Siyo kuuza ya kweli, ni ya kuwadanganya tu. Wakikuya kukamata, watakuta nyumba iko kwa jina yangu. Weye utakaa ndani sawa locataire, mupangaji. Deni ikiisha, nakurudishia."

Adeline aliona jambo lile linatoka kwenye begi la ngozi kama mkate unaotoka kwenye oveni. Lakini jicho lake lilikuwa ng'ambo ya ukuta. Swali alilouliza halikuwa swali la mtu mwenye hekima. Lilikuwa swali la mtu mwenye wivu.

"Fortunée alilipa frais ngapi?"

Gédéon akatabasamu. Pengine alifikiri jibu lake litamharakisha. "Maman Fortunée alilipa nusu ya yako. Nyumba yake iko ya kumalizika, dossier yake iko mwepesi. Yako, bon, matofali ingali inje. Inaomba kazi mingi."

Neno hilo, nusu, likamwingia Adeline kama mwiba wa samaki kooni. Alimwambia maître atafikiri, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, na aliporudi ndani hakuweza kuosha hata sahani aliyolia mgeni. Nusu. Mkopo sawa, koperative moja, kiwanja kimoja kilichogawanywa, halafu huyu nusu na yule mzima. Aliwaza kwamba kama maître anazungumza na koperative, basi hiyo nusu imetoka kwa koperative. Kuna mtu kule ameketi kwenye kiti akaamua kwamba Fortunée anastahili kuhurumiwa na Adeline hastahili.

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge chake cha misa, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, na kwa mtu aliyekuwa akifunika simu kwa kitambaa, alimhimiza sana mwendeshaji akanyage. Hakwenda kuomba huruma. Alikwenda kugomba.

Mama aliyeshughulikia mikopo ya nyumba aliitwa Orpha, mnene, mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa katekisimu. Alipomwona Adeline akaweka kalamu chini.

"Mama Adeline. Tumekupigia mpaka kidole kimechoka."

Adeline alikaa kabla ya kukaribishwa. "Nakuya kuuliza kitu moja tu. Juu ya nini Fortunée mulimupunguzia nusu, na miye mulinipa mzima?"

"Mambo ya mutu mwingine siwezi kukuambia. Lakini nani alisema tulimupunguzia mutu?"

"Maître Gédéon. Ule mwenye anazungumuzaka na nyinyi juu yetu."

Mama Orpha akavua miwani. "Miye njo mutu wa mikopo ya nyumba hapa, na siko na Maître Gédéon. Hakuna mutu aliingia hapa kuzungumuza juu yako."

"Pengine anaonana na wakubwa."

"Wakubwa bako nyuma ya mlango ule. Unataka nikuitie?"

Adeline akatikisa kichwa. Mama Orpha alipouliza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Alikuomba makuta mbele ya kufanya kazi?"

"Ndiyo."

"Na alikukataza kujibu simu yetu."

Adeline akatazama mikono yake.

"Karatasi ya kuuzisha nyumba, ulisaini?"

"Bado."

Mama Orpha akashusha pumzi, akaegemea kiti mpaka kikalia. "Sikia, mama. Mutu mwenye anataka kukusaidia kweli hawezi kukukataza kuongea na mwenye anakudai. Anafunga mdomo yako juu tukiongea tutamujua. Ile karatasi ukisaini, ataitembeza mpaka apate mutu wa kununua. Siku moja utakuwa na deni yetu mgongoni na mutu mwingine kwenye mlango anasema nyumba ni yake. Na makuta yote ulimupa haitafika hapa hata franka."

"Na nyinyi mungenifukuza tu vilevile."

"Nani angekufukuza?" akasema Mama Orpha, na kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka. "Barabara ya Nia-Nia tunaijua. Wafanyabiashara nusu ya muji wako kwa hali hii. Mwenye anakuya anasema shida yake mapema, tunapanga upya, tunapunguza ya kila mwezi, tunaongeza muda. Hiyo haiombi frais. Inaomba tu ukuye. Mwenye anajificha, njo tunashindwa kumusaidia."

Walipanga upya siku ileile. Mbusa aliitwa kutoka depo kuja kuweka saini yake, akaja anatokwa jasho, na aliposikia malipo mapya alimshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arusi. Walipokuwa wanaondoka, Mama Orpha alimwita Adeline nyuma kidogo.

"Kama unamujua mutu mwenye alishakumbana na ule maître, mwambie akuye. Mwambie afanye haraka."

Adeline akaitika kwa kichwa.

Njiani kurudi nyumbani ndipo furaha ilipompanda. Haikuwa ile ya nyumba yake kupona. Hiyo aliipata mbele ya Mbusa, ikawa furaha ya kawaida yenye shukrani. Hii ya pili ilikuja ikinyata, tamu kama muwa wa kuiba. Fortunée amedanganywa. Geti la kijani, viti vya maua, nyimbo, vyote vimesimama juu ya hewa. Fortunée mwerevu, Fortunée anayesimamisha nyumba. Adeline alijikuta anatabasamu nyuma ya mgongo wa mwendeshaji wa toleka, na alipolijua tabasamu lake aliliziba kwa ncha ya kitenge, lakini halikutoka.

Hakumwambia Fortunée siku hiyo. Akajisemea amechoka. Kesho yake akajisemea Fortunée hatasikia, kwa kuwa ana kiburi. Mbusa alipouliza, "Tusimwambie Fortunée naye aende kule?" alimjibu haraka, "Fortunée iko na mutu wake," na Mbusa, asiyejua kuna maître wa uongo, akaliacha.

Kwa hiyo Adeline akakaa na siri yake. Asubuhi alifagia uani akisikiliza nyimbo za ng'ambo, na safari hii hazikumuudhi. Alikuwa anazisikiliza kama mtu anayejua mwisho wa hadithi. Alipopita mbele ya geti la kijani, aliliangalia kwa utulivu, karibu kwa upendo. Lakini utamu ule haukukaa. Jumapili, misani, watu waliposimama kwenda kupokea komunyo, miguu ya Adeline ilikataa. Alibaki kwenye benchi, na Fortunée aliyekuwa mstari wa mbele akageuka kumtazama, kwa wasiwasi, kama mtu anayedhani mwenzake anaumwa.

Jumatatu alasiri Fortunée akaja jikoni. Adeline alikuwa anatwanga. Fortunée alichukua mchi wa pili bila kuambiwa, akaingia kwenye mwendo wake kama zamani, mmoja anapanda, mwingine anashuka.

"Yaya, nakuletea habari muzuri. Nilikuonaka jana, nikajua ni ile deni inakuua. Nimemuomba maître akupokee."

Mchi wa Adeline ukakosa mpigo.

"Alikataa kukupunguzia nusu," Fortunée akaendelea, "anasema nyumba yako ingali matofali. Alors nilimupa mukufu yangu, ule wa ndoa, ya kuongezea yako. Usimwambie Liévin. Maître anakuya kesho. Miye nasaini karatasi ya mwisho, ile ya nyumba, na weye unaanza."

Adeline akaweka mchi chini. Alitazama shingo ya Fortunée na kuona ni tupu. Mkufu ule aliwahi kuutamani. Aliwahi kuuchukia. Sasa ulikuwa umetolewa kwa ajili yake, na kitu cha kwanza alichokisikia kifuani hakikuwa shukrani. Ilikuwa hasira. Hata wema amemtangulia. Yeye amekaa siku zote hizi akilamba siri yake kama paka, na huyu mdogo, mjinga, aliyedanganywa, amevua mkufu wake wa ndoa akampa mwizi ili kumwokoa mtu aliyefurahia kumwona anazama. Hakujua kama kuna wivu mbaya kuliko huo, wa kumwonea mtu moyo wake.

"Usisaini," akasema. Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka.

"Nini?"

"Ule mutu ni mwizi. Koperative hawamujui. Nilienda kule."

Fortunée akasimamisha mchi. Uso wake ulibadilika polepole, na Adeline aliona mlango ukifungwa ndani yake. "Yaya, hiyo ni wivu."

"Ndiyo," akasema Adeline.

Fortunée hakutegemea jibu hilo.

"Ni wivu," Adeline akarudia. "Toka geti, toka viti. Maître aliniambia ulilipa nusu, nikashindwa kulala, nikaenda koperative kugomba juu yako. Siyo akili ilinipeleka kule, ni wivu. Na nilipojua, nikanyamaza. Nilitaka nikuone unaanguka. Sasa unajua vile niko. Lakini twende. Usiniamini miye, uulize kwa mdomo yako mwenyewe, kama nasema uongo utasaini kesho."

Pondu ikabaki kwenye kinu. Walipanda toleka mbili, moja nyuma ya nyingine. Mama Orpha alipomwona Fortunée alisimama, na kwa sababu sasa mwenye jambo alikuwa mbele yake, alimsomea hesabu yake. Tangu mwezi ule alipoacha kuja mwenyewe, hakuna kilichoingia kwa jina lake. Hakuna. Deni lilikuwa limepanda na barua ya mwisho ilikuwa tayari kupelekwa. Fortunée hakulia. Aliomba maji, akanywa glasi nzima, akaomba nyingine.

Walirudi kwa miguu, maana Fortunée alisema anataka kutembea. Walipofika karibu na avenyu yao, alisimama chini ya kivuli cha kibanda cha mshonaji.

"Yaya, miye nilikuficha maître siyo juu alinikataza tu. Nilifurahi kidogo." Alikuwa anasema huku anaangalia barabara. "Toka nafika, kila kitu ni weye ulinifundisha. Watu wananisifu, na miye najua ndani yangu ni Adeline. Kwa mara moja nilikuwa na kitu ambacho hukunipa weye."

Adeline hakuwahi kufikiri kwamba ukuta ule ulikuwa na pande mbili.

Kesho yake Gédéon alikuja na pikipiki yake safi. Alimkuta Fortunée sebuleni, Adeline kando yake, Mbusa mlangoni na Papa Émile, chefu, kiongozi wa avenyu, kwenye kiti cha maua. Hakushtuka. Alisalimia kila mtu kwa heshima na kufungua begi.

"Maître," Papa Émile akasema, "karatasi zitangoja. Tunataka twende wote koperative, utuonyeshe mutu mwenye unazungumuzaka naye."

"Hakuna shida, papa. Niwapigie simu kwanza watungoje."

"Na mukufu," Fortunée akasema.

"Iko kwa bureau, ofisi yangu, maman. Iko salama."

Akatoka nje na simu sikioni, akiongea na mtu au asiongee na mtu. Mbusa alimfuata, lakini Mbusa alizoea kuinua magunia, si kukimbia. Pikipiki iliwaka, na walipofika getini wote wanne waliona vumbi tu. Namba ile haikupatikana tena. Walikwenda polisi, wakaandikisha, wakaambiwa wangoje, na wanangoja hata leo. Papa Émile aliitangaza habari kwenye mkutano wa avenyu, na baada ya siku chache familia mbili kutoka komini ya Mangobo zikaja kuuliza kama yule maître alikuwa na begi la ngozi. Moja kati yao ilikuwa imeshasaini kila kitu.

Fortunée aliuza viti vya maua ili kuziba sehemu ya pengo. Liévin alirudi kutoka barabarani amekonda, akasikia habari, akapiga ngumi ukutani, kisha Mbusa akamchukua depo wakakaa huko mpaka jioni. Koperative ilimpangia Fortunée upya naye, kwa muda mrefu kuliko wa Adeline kwa sababu alikuwa amechelewa zaidi, na malipo yake ya kila mwezi yakatoka madogo kuliko ya Adeline. Adeline aliposikia hivyo, kitu kilimchoma palepale pa siku zote. Alikwenda kuchota maji yasiyohitajika mpaka kikapoa.

Mwezi huo, kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, Fortunée alisimama mbele ya wote akaeleza alivyodanganywa, tangu maneno matamu mpaka mkufu. Hakuficha kitu isipokuwa kimoja: alisema yaya wake alimwokoa, hakusema yaya wake alinyamaza. Wanawake wakamzunguka, wakamkumbatia, wakamwambia ana moyo wa ushujaa. Adeline alibaki nyuma, karibu na masufuria, akitazama jinsi hata aibu inavyompendeza mtu mwingine. Alikuwa na haki ya kuumia, na aliumia.

Ndipo mama mmoja aitwaye Berthe, muuza nguo asiyependa kuongea mbele za watu, akamsogelea pembeni na kumvuta kitenge.

"Mama Élie," akanong'ona, "ile ya kuomba frais mbele... Na kama mutu alishalipa, lakini hajasaini?"

"Hajasaini kitu?"

"Maître anasema atakuya na karatasi juma lijalo."

Adeline akafunika sufuria, akamtazama Berthe vizuri. Aliijua sura ile. Ilikuwa sura ya mtu anayefunika simu.

"Kesho asubuhi nitakupitia," akasema. "Usimwambie kitu ule mutu. Na simu ya koperative ikilia, jibu."

Asubuhi hiyo alimpitia kweli, wakaenda pamoja koperative, na Mama Orpha alipowaona mlangoni akavuta kiti cha pili.